Digidigi Kasoro na Miguu Ishirini na Mmoja

Paukwa!

— Pakawa!

Hadithi inapita!

— Ipite kwetu!

Ipite kwa mguu gani?

— Kwa mguu wowote, ilmradi ifike!

Haya, basi kaeni. Somoe, acha kujikuna, siafu wenyewe hata sijawataja bado. Na wewe Kibwana, korosho tumekupa uzibangue, hatukukupa uzile. Nakuona. Najua kuna watakaosema hadithi hazisimuliwi mchana, ati msimuliaji ataota mkia. Mimi nimeshazeeka, mkia ukiota nitaukalia. Hadithi hii haiwezi kungoja jua lizame, maana waliokuwamo hawakuwa na nafasi ya kungoja. Walikuwa mbioni.

Zamani, zamani za kale, kulikuwa na digidigi mmoja jike, akiishi nyikani karibu na mto mkubwa. Digidigi mnamjua, kale kaswala kadogo, miguu kama njiti. Basi huyu alikuwa na miguu mitatu tu. Wa nne aliuacha kwenye tanzi la mtegaji. Alivuta, akavuta, akavuta, akatoka na uhai wake na miguu mitatu.

Akitembea alikuwa akihesabu. "Moja, mbili, tatu, na hewa. Moja, mbili, tatu, na hewa." Pale ulipokuwa mguu wa nne alipaachia hewa, na hivyo ndivyo alivyojifunza kutembea upya.

Wanyama walikuwa wakimtaja hivi: "Yule mwenye miguu minne kasoro mmoja." Baadaye wakaona maneno ni mengi, wakafupisha, wakamwita Kasoro. Jina alilopewa na mama yake likasahaulika. Wakimwita Kasoro, anaitika. Angefanyaje?

Kasoro alikuwa na mtoto wa siku tatu. Mtoto mzima, miguu minne yote, ila bado ilikuwa ikigombana. Huu ukienda huku, ule unataka kule, mtoto chini.

Sasa siku moja siafu wakatoka. Somoe, sasa unaweza kujikuna.

Walitoka ardhini weusi, mstari mpana kuliko uwanja huu, na nyuma yake mstari mwingine, na nyuma yake mwingine. Siafu hawaulizi huyu nani na mtoto wa nani. Tembo alikuwa ameshaondoka tangu jana yake, hakuaga mtu. Waliobaki wakakimbia, wakakimbia, mpaka wakafika mtoni. Mbele maji yenye mamba, nyuma siafu. Wakawa wanakanyaga hapo hapo, huyu anainua mguu huu, yule anainua ule, hakuna anayetulia. Kasoro na mtoto wake walifika mwisho, wakawa nyuma kabisa, na walio nyuma ndio walio karibu na siafu.

Mtoni alikuwako Kiboko. Malisho ya ng'ambo yalikuwa yake peke yake, na hakutaka wageni. Lakini hakutaka pia kuitwa mchoyo. Mnawajua watu wa namna hiyo? Hakunyimi, anakupa sharti. Mimi wananiudhi kuliko mchoyo wa wazi wazi.

"Mzee Kiboko, tuvushe," wakasema wanyama.

"Jamaa zangu, kwa nini nisiwavushe?" akasema Kiboko. "Ila mgongo wangu haukanyagwi ovyo ovyo. Nataka miguu ishirini na mmoja kamili hapa mgongoni. Isipungue, isizidi. Nikiipata, nitaita ndugu zangu tujipange mto mzima, mpite nyote bila kulowa kwato. Nisipoipata, nawamwaga majini."

"Unaapa?" akauliza Nyati.

"Naapa kwa masikio yangu mawili."

Akaanza kuimba, na nyie akifika mwisho mumwitikie "Kamili!" Kwa nguvu, msinong'one.

"Mguu kwa mguu, nahesabu mie,
ikipungua, shukeni,
ikizidi, shukeni,
ishirini na moja..."

— Kamili!

Haya. Simba akajitokeza, maana Simba hajui kukaa nyuma. "Pandeni!" Akapanda mwenyewe, akapanda Nyati, akapanda Punda Milia, akapanda Ngiri, akapanda Sungura.

Kiboko akahesabu pole pole. "Nne. Nane. Kumi na mbili. Kumi na sita. Ishirini. Umepungua mmoja."

"Ongeza!" akanguruma Simba. Simba katika hesabu alijua neno hilo moja tu.

Korongo akaruka, akatua kwa miguu yake miwili mirefu.

"Ishirini na mbili," akasema Kiboko. "Umezidi mmoja."

Akajitikisa. Chubwi! Wote majini. Wakatapatapa mpaka ukingoni, kabla mamba hajawahi hata kugeuka.

Kule nyuma Kasoro akasema, "Jamani, mimi nadhani..."

"Rudi nyuma, Kasoro," akasema Ngiri, maji yakimchuruzika puani. "Hapa wanapanda waliokamilika."

Siafu wakasogea.

Mara ya pili akasema Korongo. "Mmesahau kazi yangu ni nini? Mimi kutwa nasimama kwa mguu mmoja. Nyie watano ishirini, mimi mmoja, kwisha maneno."

Wakamsifu sana. Wakapanda wale wale watano, Korongo katikati, mguu mmoja chini, mwingine kaukunja tumboni.

"Mguu kwa mguu, nahesabu mie,
ikipungua, shukeni,
ikizidi, shukeni,
ishirini na moja..."

— Kamili!

Kiboko akahesabu. "Ishirini... na moja." Basi Kiboko akacheka. Hakucheka kwa sauti, alicheka tumboni tu, na tumbo la Kiboko likicheka hata mgongo unacheza. Korongo akayumba huku, akayumba kule, akashusha mguu wa pili asianguke.

"Ishirini na mbili," akasema Kiboko. Chubwi!

"Jamani," akasema Kasoro, "mimi nadhani..."

"Baadaye, Kasoro," akasema Punda Milia. "Huoni tuna haraka?"

Siafu wakasogea tena. Sasa harufu yao ilikuwa ikisikika.

Mara ya tatu ikawa zamu ya Sungura. Sungura akaenda kwenye majani, akarudi na Chatu.

"Nyoka ni nini?" akawauliza wenzake. "Nyoka ni mguu mmoja mrefu. Mtazameni vizuri. Tumehangaika bure."

Wakamtazama Chatu, wakaona kweli, ukimtazama kwa haraka anafanana na mguu. Mtu akibanwa huona chochote anachotaka kuona. Wakapanda watano, na Chatu juu yao.

"Mguu kwa mguu, nahesabu mie,
ikipungua, shukeni,
ikizidi, shukeni,
ishirini na moja..."

— Kamili!

"Ishirini," akasema Kiboko. "Na huyu?"

"Huyu ni mguu, mjomba," akasema Sungura.

"Mguu wa nani?"

Sungura akafikiri kidogo. "Wa... wa wote. Wa shirika."

Chatu akaona hapo ametukanwa. Akatoa ulimi.

"Mguu gani una ulimi?" akauliza Kiboko. Chubwi! Sungura alikunywa maji mengi siku ile.

"Jamani, mimi nadhani..." akasema Kasoro mara ya tatu. Simba hata hakugeuka.

Hapo ndipo siafu wa kwanza alipomfikia yule mtoto. Akamuuma kisigino. Mtoto akalia, akaruka, miguu ikagombana, akaanguka upande ule ule wanakotoka siafu.

Kasoro akamdaka kwa meno, shingoni. Aliogopa, tena aliogopa sana, mpaka hofu ikageuka hasira. Safari hii hakuomba kusema. Moja, mbili, tatu, na hewa, akapita katikati yao, akapita chini ya tumbo la Nyati, akasimama mbele. Akamweka mtoto chini.

"Nisikilizeni, kwa sababu sina muda wa kurudia. Nyie nyote mna miguu ya jozi. Jozi moja, jozi mbili. Mkikusanya jozi mtapata jozi tu. Mtapata ishirini, mtapata ishirini na mbili, mtakusanya mpaka siafu wawafike shingoni, ishirini na moja hamtaiona. Ishirini na moja ni witiri. Ukiipanga jozi jozi, lazima mguu mmoja ubaki bila mwenzake. Na hapa mwenye mguu usio na mwenzake ni mimi peke yangu."

Wanyama wakatazamana. Sungura ndiye aliyeelewa mwanzo, akaanza kurukaruka.

"Kweli! Kweli! Mimi nishuke. Simba, Nyati, Punda Milia, Ngiri, kumi na sita. Kasoro mitatu, kumi na tisa. Korongo miwili, ishirini na moja! Pandeni!"

"Na mwanangu?" akauliza Kasoro.

"Mtoto ana minne, atatuzidishia. Abaki hapa kidogo tu, mama. Tukishinda atapita pamoja na wengine."

Kasoro akautazama ule mstari mweusi. "Siafu wanajua kidogo ni kiasi gani? Nikimgeuzia mgongo, nitakaporudi watakuwa wamekwisha kumgawana. Sipandi."

Wakaanza kupiga kelele wote kwa pamoja. Panda! Tutakufa! Kwa sababu ya mtoto mmoja! Wewe ni mama gani! Waliokuwa wakimrudisha nyuma ndio hao hao sasa wanaomsukuma mbele. Kasoro akangoja wachoke.

"Iko njia nyingine ya kufika pale pale," akasema. "Mtoeni mmoja mwenye miguu minne, mtieni mwanangu. Nyati, Punda Milia na Ngiri, kumi na mbili. Korongo, kumi na nne. Mwanangu, kumi na nane. Mimi mitatu. Hesabeni."

Wakahesabu. Wengine walihesabu kwa kwato, wengine kwa kucha, Nyati alihesabu kwa kutikisa kichwa. Ishirini na moja. Lakini nani atolewe? Kila mmoja akaanza kutazama chini, kwenye miguu yake mwenyewe.

Kasoro akamgeukia Simba. "Bwana Simba, kwa heshima zako zote, baki chini."

"Mimi?" Simba akasimamisha manyoya. "Mimi nikipishe kitoto kisichojua hata kunguruma?"

"Hesabu haiulizi nani ananguruma, bwana. Mguu wako mmoja ni mmoja, na mguu wake mmoja ni mmoja."

Simba akafungua kinywa amjibu. Siafu akamwingia katikati ya vidole vya mguu. Simba akaruka, akafika juu ya jiwe lililokuwa pembeni, akawa analamba mguu huku anatazama pembeni.

"Nimeamua kuwapisha," akasema.

Basi wakapanda. Nyati, Punda Milia, Ngiri, Korongo, mtoto, na Kasoro akasimama kando ya Korongo.

"Korongo," akamnong'oneza, "mara hii tunataka yote miwili. Ukikunja mmoja tumekwisha."

"Naelewa," akasema Korongo.

"Mguu kwa mguu, nahesabu mie,
ikipungua, shukeni,
ikizidi, shukeni,
ishirini na moja..."

— Kamili!

Kiboko alikuwa ameshaiona hatari. Safari hii hakucheka, hakujitikisa. Alitulia tuli, hata maji yakatulia, akahesabu kwa sauti ya kubembeleza mtoto. "Nne... nane... kumi na mbili..." Korongo akipata utulivu kama ule, mguu wenyewe unakwenda juu. Mazoea hayo. Ukaanza kuinuka, pole pole, ukaachana na ngozi ya Kiboko kwa upana wa kucha.

Kasoro akamkanyaga vidole kwa ukwato wake.

"Vidole vyangu!"

"Vidole vyako vibaki hapo hapo."

"Kumi na nne," akasema Kiboko, na sauti ya kubembeleza ikamtoka. "Kumi na nane." Akafika kwa Kasoro. "Kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja..." Akaendelea kutafuta. "Na wa nne uko wapi?"

"Nafasi yake nimeipa hewa," akasema Kasoro.

Hapo Kiboko akatabasamu. "Basi haikubaliki. Mimi nilisema kamili. Huyu mnamwita nani? Si Kasoro? Mmemwita hivyo wenyewe, mimi nimesikia kuanzia asubuhi. Chenye kasoro hakiwezi kuwa kamili. Jiandaeni kuoga."

Wanyama wakainamisha vichwa. Ngiri aliona haya mpaka akafumba macho, maana yeye ndiye aliyesema wanapanda waliokamilika. Jina walilompa ndilo lililokuwa likiwamwaga majini, na siafu sasa walikuwa kwenye matope ya ukingo.

Kasoro peke yake hakuinama. "Mzee Kiboko, kabla hujatumwaga, nikuulize kahesabu kadogo."

Kiboko alipenda sana kuulizwa hesabu. Hilo ndilo kosa lake. "Uliza."

"Kumi kasoro moja ni ngapi?"

"Tisa."

"Tisa kamili, au tisa mbovu?"

"Tisa haina ubovu. Tisa ni tisa. Kamili."

"Ishirini kasoro mbili?"

"Kumi na nane kamili. Unanichezea, hesabu hizi za watoto."

"Ya mwisho, basi. Mgongoni kwako wangesimama wenye miguu yao yote, ingekuwa ishirini na mbili. Ishirini na mbili kasoro moja ni ngapi?"

"Ishirini na moja," akasema Kiboko haraka haraka.

"Ishirini na moja mbovu?"

"Nimeshakwambia hakuna namba mbovu! Ishirini na moja..."

— Kamili!

Eeeh! Mmemmalizia wenyewe. Hata wanyama ukingoni walimmalizia hivyo hivyo, wote kwa pamoja, na Simba juu ya jiwe akasikika kuliko wote.

Kiboko akafunga kinywa, akakuta amechelewa. Alikuwa ameapa kwa masikio yake mawili. Akaita ndugu zake, wakaja wakinung'unika, wakajipanga mgongo kwa mgongo mpaka ng'ambo. Wanyama wakapita. Mtoto wa Kasoro alitangulia, nyuma yake mama yake, nyuma yao wengine wote. Simba alipita mwisho, tena kwa mbio, maana sasa siafu walikuwa wanamjua.

Ndugu zake Kiboko wakatawanyika. Yeye akabaki pale pale, pua imeegemea ukingoni, anarudia ile hesabu apate kosa. Nne, nane, kumi na mbili. Kosa halikupatikana. Waliopatikana ni siafu. Waliingia masikioni, wakaingia puani, Kiboko akapiga kelele, akazama. Mpaka leo ukimwona majini anachezesha masikio na kupuliza pua, fyuuu, anajitahidi kuwatoa. Na bado anarudia ile hesabu.

Ng'ambo wanyama wakaanguka kwenye majani, wakapumua. Ngiri akamwendea Kasoro, kichwa chini.

"Mama, tumekukosea. Mimi ndiye niliyekukosea zaidi. Tumekubaliana, kuanzia leo tukuite Kamili."

"Waliokamilika mlikuwa nyie," akasema, "na mmeanguka majini mara tatu. Niiteni Kasoro. Ila safari nyingine mkiniita, niiteni mbele."

Akageuka amtafute mwanawe. Akamkuta anatembea kwenye majani, ameinua mguu mmoja wa nyuma, mzima, hauna jeraha lolote. "Moja, mbili, tatu, na hewa. Moja, mbili, tatu, na hewa."

"Mwanangu, wewe una minne," akamwambia.

"Najua, mama. Huu nauweka akiba. Huenda siku moja wakahitaji witiri."

Mama yake akacheka, kisha akalia kidogo, kisha akaanza kula majani, maana tangu asubuhi hakuwa ametia kitu kinywani. Nanyi mkikutana na digidigi porini, mtamwona akisimama ghafla na mguu mmoja juu. Anahesabu. Mwacheni amalize.

Basi mafunzo yake ni haya. Hesabu ikikataa, usikimbilie kupiga kelele ongeza, ongeza. Geuka kwanza utazame nyuma, kuna nani uliyemwambia akae huko. Na jina baya unalompa mwenzako, kumbuka kwamba siku moja utasimama mgongoni mwa Kiboko, na jina hilo hilo atalisikia.

Hadithi imepita!

— Imepita kwa mguu gani?

Kwa mitatu, na hewa. Kama imewapendeza, gawaneni, kila mtu aende na fungu lake. Kama mmeiona ina kasoro, kasoro hiyo nirudishieni mimi, najua pa kuitia. Na Kibwana, leta hizo korosho tuzihesabu.